Kulia ni kwa Mvaaji

Mtaani walimwita Mama Sentimita. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake tangu anapofungua mlango asubuhi mpaka anapoufunga jioni, na wenye maneno walidai analala nao. Alishona sare za shule, suruali za kazi na magauni ya kawaida katika chumba kimoja chenye dirisha pana. Cherehani ilikaa mbele ya dirisha hilo kwa sababu ya mwanga, si kwa sababu ya kutazama watu. Mwenyewe alipenda kulisema hilo, maana alijua majirani wanavyosema.

Ushonaji alijifunza kwa mwanamke mkali ambaye rula yake ilijua vidole vya kila mwanafunzi. Mwaka wa kwanza aliletewa koti la mzee ambaye mkono wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine, akaambiwa apunguze mkono wa kulia. Alilitandaza koti mezani, kifua juu, akakata mkono uliokuwa kulia kwake yeye. Mzee alipolivaa, mkono mzima ulichungulia nje nusu, na ule mfupi ukazama ndani ya kitambaa. Siku hiyo mwalimu hakugusa rula. Alimsimamisha mwanafunzi mbele ya mzee, akamwambia arudie maneno haya: "Kulia ni kwa mvaaji, si kwa fundi."

Alirudia. Kwa miaka ishirini na mitatu iliyofuata, hakutaja kulia wala kushoto kwa mtu mwingine yeyote ila kwa kufuata mwili wa mtu huyo.

Dirisha lake lilitazamana na barabara inayotoka posta. Barabara hiyo ilikuja moja kwa moja kama inataka kuingia chumbani, kisha ikapinda mbele ya kibaraza. Hatua hamsini kabla ya hapo, njia ya vumbi iendayo chuo cha ualimu ilichepuka upande wa kulia wa anayekuja. Michoro ya lami ilikuwa imefutika. Kibao cha kuonya madereva kilikuwa kimefunikwa na tangazo la saluni, na hakuna aliyelitoa, kwa kuwa kila mmoja alijua njia panda ilipo. Watu waliomba matuta mara tatu kwa barua. Baada ya barua ya tatu walizoea. Ndivyo mambo mengi ya hatari yanavyodumu: hayapendwi, yanazoewa tu.

Kila siku ya kazi, karibu saa nne asubuhi, tarishi wa chuo alipita hapo kwa baiskeli akitoka kuchukua barua posta. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye tabia moja iliyochekesha watu. Kabla ya kukata kona alinyoosha mkono wote, kiganja wazi, akauacha hewani hata kama barabara ilikuwa tupu. Kwa hiyo walimwita Ndege.

"Ndege anatua," kinyozi wa chumba cha pili alikuwa akisema kila alipomwona.

"Mwache atue," Mama Sentimita alimjibu siku moja. "Wewe na pikipiki yako unakata kona kama mwizi wa kuku."

"Sasa nimwonyeshe nani mkono, na barabara haina mtu?"

"Siku utakapomwona mtu, utakuwa umechelewa."

Jumanne moja alikuwa akibandika mfuko kwenye shati la shule. Aliinua kichwa ili akate uzi kwa meno. Ndege alikuwa anakuja, mkono wa kulia umenyooshwa, baiskeli imeanza kuingia katikati ya barabara. Nyuma yake ilikuja pikapu ya mitungi ya gesi, kwa mwendo wa gari lililochelewa. Pikapu haikupunguza mwendo. Ilitoka upande uleule aliokuwa anaonyesha, ikitaka kumpita. Mlio wa mitungi ulisikika kwanza, kama sufuria zilizoangushwa. Baiskeli ikaenda chini ya bampa. Mtu akaenda upande mwingine.

Mama Sentimita alipofika, watu wawili walikuwa wameshamkamata tarishi mabega na miguu, tayari kumnyanyua kama gunia.

"Mwacheni alivyo," alisema. "Leteni ubao wangu wa kukatia."

Walimlaza juu ya ubao aliokuwa akikatia sare, wakamfunga kwa vipande vya kitambaa cha bluu asitikisike. Mguu wa kulia ulikuwa umekaa vibaya, na ncha ya kiatu ilitazama kusikotazamwa na kiatu. Barua za chuo zilikuwa zimetawanyika mpaka mtaroni. Kinyozi aliziokota moja moja, akizipangusa kwa taulo lake, bila mzaha wowote.

Dereva alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara. Hapo ndipo Mama Sentimita alipomtambua: mdogo wa mumewe.

"Shemeji," alisema yule dereva, "alinionyesha kushoto. Umeona mwenyewe."

"Nimeona," alijibu.

Alasiri alikuja koplo wa usalama barabarani, kijana mwenye mwandiko mzuri. Mashati kumi na moja yalikuwa yanangojewa na mwenye mashati alikuwa mlangoni, kwa hiyo fundi alitoa maelezo huku mguu ukikanyaga cherehani. Alieleza mwendo wa pikapu. Alieleza mkono.

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Koplo alisimama dirishani, akatazama barabara, akageuza kalamu hewani. "Alikuwa anakuja huku, mnatazamana?"

"Ndiyo."

Koplo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu, akaandika. Kisha akasogeza karatasi. Mama Sentimita alifuta mikono, akasaini, akarudi kwenye vifungo.

Mteja wake alimpima mara mbili kabla ya kukata mara moja. Karatasi ya mtu aliyelala hospitali hakuisoma hata mara moja. Kwa hilo hakuwa na wa kumlaumu, na haki yake ni kwamba hata baadaye hakumtafuta wa kumbebesha.

Siku kumi na mbili zilipita. Jumapili, familia ya mumewe ilikuwa imekusanyika nyumbani kwa mama mkwe kama kawaida yao. Shemeji alifika akiwa na uso uliokunjuka.

"Shemeji yangu," alisema kabla hajakaa, "sikujua una busara kiasi hiki. Maelezo yako yameniokoa."

"Yamesema nini?"

"Si uliyasema wewe? Kwamba mwendesha baiskeli alinyoosha mkono wa kushoto, kisha akakata kulia. Nimesomewa kituoni. Kesi imegeuka, sasa ni yake. Akitoka hospitali atashtakiwa yeye, na chuo wameshasema hawataki tarishi wa namna hiyo."

Mama Sentimita aliweka kikombe chini. Akilini alimwona koplo akigeuza kalamu hewani. Alimwona pia mzee wa koti.

"Nilisema kulia," alisema. "Amedhani ni kulia kwangu, akageuza."

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza.

"Mwanangu, wewe umeandika uongo?"

"Sikuandika mimi, mama."

"Basi uongo si wako. Kosa limejiandika lenyewe. Ukute mlango umefunguliwa na upepo, utaulaumu mkono wako?"

"Saini ni yangu, mama."

"Saini, saini. Huyu ni mdogo wa mumeo. Yule ni mpita njia."

Mama Sentimita alimgeukia shemeji. "Niambie jambo moja. Huo mkono wa kushoto uliuona?"

Shemeji alitazama zulia. "Kusema kweli sikuona mkono wowote. Nilikuwa nawahi. Nilikuwa na vituo viwili bado, na bosi anapiga simu."

"Anapiga, na wewe unapokea?"

Shemeji aliichukua simu yake mezani, akaitia mfukoni.

Hilo nalo liandikwe wazi, kwa sababu ndilo kiini cha jambo. Shemeji hakuwa mlevi wala mkatili. Alikuwa mtu mwema aliyekuwa anawahi. Barabara zimejaa watu wema wanaowahi, na mfupa hauulizi aliyeuvunja ana tabia gani.

Njiani kurudi nyumbani, mumewe, mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi na mtu wa maneno machache, alisimama karibu na mlango wao.

"Ukienda kituoni," alisema, "usiseme nimekutuma."

"Sawa."

"Usiseme pia nimekukataza."

Asubuhi ya Jumatatu alichukua shati moja la mtu mzima, la fundi wa karakana, lenye mfuko mmoja kifuani. Alilipiga pasi kwanza, akalikunja kwenye gazeti, akaenda kituoni. Koplo alikuwa kaunta pamoja na askari mwenzake mnene aliyekuwa anapanga mafaili.

"Nimekuja kusahihisha maelezo yangu," alisema.

"Mama, maelezo hayasahihishwi kama gauni. Nasikia dereva ni shemeji yako. Mmegombana?"

"Hatujagombana. Tutagombana leo jioni." Alilitandaza shati juu ya kaunta, kifua kikimtazama koplo. "Afande, mfuko uko upande gani?"

"Kulia."

"Liweke kifuani kama umevaa."

Koplo alimtazama, akamtazama mwenzake, akaliinua shati kwa vidole viwili, akaliweka kifuani. Mfuko ulitua upande wa moyo.

"Koplo," yule mnene alisema, "moyo wako umehama."

Koplo hakucheka. Alibaki ameshika shati muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Mimi ni fundi," alisema Mama Sentimita. "Nikisema kulia kwa mtu, ni kulia kwa mvaaji. Mkono aliounyoosha ni wake, si wangu. Alinyoosha wa kulia, akaenda kulia, na pikapu ikamfuata hukohuko."

"Ungenieleza hivyo siku ile."

"Nilikwambia kulia. Wewe ulinigeuza bila kuniuliza."

"Na wewe ulisaini bila kusoma."

"Nilisaini bila kusoma. Hilo nalo liandike."

Koplo alitoa karatasi mpya. Safari hii aliuliza kila upande mara mbili, kulia kwa nani, kushoto kwa nani, na alipomaliza alimsogezea. Mama Sentimita alivaa miwani na kusoma kila mstari huku kidole kikifuata. Askari mnene akasema kwa watu wa namna hii kituo kitafungwa saa sita usiku. Alisoma mpaka mwisho, akasaini.

Yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwenda. Shemeji alishtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, akafungiwa leseni mwaka mzima. Tajiri wake alimbakiza ghalani, akipakia mitungi kwenye gari analoendesha mwingine. Mama mkwe hakumfukuza mkwewe, ila aliacha kumwita mwanangu. Jumapili moja mbele ya watu alimwambia, "Uling'ang'ania kulia, kulia. Haya, tunalia." Wengine walicheka. Mama Sentimita aliendelea kuosha vikombe. Kila Jumapili alikwenda, akasalimia, akaitikiwa kwa ufupi, akarudi. Mumewe alitembea naye.

Shemeji mwenyewe, jambo la ajabu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuongea naye vizuri. Alipita kwa fundi na suruali iliyochanika gotini.

"Ghalani nimejifunza kitu," alisema. "Sasa madereva wananingoja mimi. Wanapiga honi, na mitungi haipakiwi upesi kwa honi."

"Acha suruali hapo," alimjibu. "Njoo Alhamisi."

Kibao cha njia panda bado kina tangazo la saluni. Barua ya nne imepelekwa. Safari hii kinyozi ndiye aliyeiandika na kuzunguka na kalamu akitafuta saini, na Mama Sentimita alimrudisha mara mbili kwa sababu alitaka kuisoma kwanza. Kinyozi huyohuyo siku hizi akikata kona hunyoosha mkono, kwa aibu kidogo, kiwiko kimekunjwa. Matuta hayajaja.

Mwezi wa saba baada ya ajali, tarishi aliingia kwa fundi akitegemea fimbo. Chuo kilimrudisha, ila sasa anakaa mezani na kupokea barua anazoletewa na mwingine. Alikuwa amebeba suruali tatu zilizokunjwa vizuri.

"Mguu mmoja umepungua," alisema. "Ninakanyaga pindo."

Fundi alikuwa ameshauona tangu tarishi alipopanda kibaraza. Hata hivyo aliuliza, "Upi?"

"Wa kulia."

Alipiga magoti, akapima kutoka kiunoni hadi kisiginoni, miguu yote miwili, akapima tena. Tofauti ilikuwa sentimita tatu. Tarishi alitazama nje ya dirisha wakati wa kupimwa, kuelekea njia ya chuo.

"Hapa unaona barabara yote," alisema.

"Ninaona."

"Siku ile, niliunyoosha mkono? Mimi sikumbuki kitu. Watu wameniambia, lakini watu wanasema mengi."

"Uliunyoosha," alisema Mama Sentimita. "Wote, kiganja wazi."

Tarishi alivuta pumzi, akakaa kwenye kigoda cha wateja na kuweka fimbo magotini.

Mafundi wengi huweka herufi moja tu ya chaki kwenye nguo. Lakini kulia na kushoto zote huanza na herufi ileile. Mama Sentimita alitandaza suruali ya kwanza mezani, akatafuta mguu wa mvaaji, akaandika neno zima. Kisha akaigeuza suruali kwa tarishi.

"Soma."

Tarishi aliinama, akasoma kwa sauti. Ndipo fundi akachukua mkasi.