Kukaa Upande

Petroli imemwagikia tangi la pikipiki yangu, na harufu yake imenirudisha utotoni. Nilikuwa na homa. Dereva wa bodaboda alinikalisha mbele, juu ya tangi, mama akawa anapanda nyuma yake.

"Kaa kiume, dada. Njia ya mashamba ya miwa ina mashimo."

Mama akainua mguu. Bibi mzaa baba akafoka kutoka mlangoni: "Mke wa mwanangu hatanui miguu mbele za watu!"

Mama akaushusha, akakaa upande.

Kwenye kalavati pikipiki iliruka, ikatua nyepesi. Tulimzika mama kesho yake.

Leo nampeleka bibi kliniki, Mikumi. Amepanda kiume, gauni limefika magotini, kanikumbatia kiuno.

"Taratibu, mjukuu wangu," ananiambia. "Usije ukaniangusha."