Madaftari Manne ya Mwili wa Binadamu

Barua ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha dawa siku ya Jumatatu, nami niliisoma nikiwa na beseni la vyombo mikononi. Ilisema kwamba kuanzia mwisho wa mwaka hakuna atakayegusa mgonjwa katika vituo vyetu vya afya kama hana diploma ya uuguzi, au angalau karatasi ya chuo inayothibitisha kwamba amefaulu mwaka wa kwanza na anaendelea.

Nilikuwa nimefanya kazi katika kituo kile cha Mapendo kwa miaka kumi na tisa. Nilifunga vidonda, nikatundika chupa za serumu ya mshipani, nikapokea watoto pale mkunga alipochelewa. Kazi hiyo niliijua kwa kutazama mikono ya wengine na kusoma kila kitabu nilichokipata. Nilikuwa pia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi, mzee kuliko wote darasani. Masomo yote nilikuwa nimeyapita isipokuwa moja, biolojia ya binadamu. Humo nilipata saba juu ya ishirini. Ilibaki sesheni ya pili, yaani mtihani wa marudio, wiki sita mbele, na hiyo ilitaka kumi. Chini ya hapo ningerudia mwaka, na kituo kingenifunga mlango.

Chuoni kwetu kila mwalimu ana silabusi yake, kitabu cha fotokopi kilichoshonwa kwa waya, chote kwa Kifaransa. Silabusi ya biolojia niliigawa sehemu nne na kila sehemu nikaipa daftari: damu na moyo, chakula na maji ya mwili, pumzi na mishipa ya fahamu, vijidudu na kinga. Nilisoma aya moja, nikafunga kitabu, kisha nikaiandika upya kwa Kiswahili. Kanuni yangu ilikuwa kwamba nisichoweza kumweleza mama aliyembeba mtoto mwenye homa, sijakielewa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kila kitu maishani. Hata diploma ya taifa, ile ya kumaliza sekondari, niliipata kama otodidakte, bila kukaa shuleni, na mtihani ule ulikuwa karibu wote wa kuchagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa tayari.

Nilipopata saba, nilihesabu kwamba sikusoma vya kutosha. Kwa hiyo nilirudia kazi ile ile kwa makini zaidi. Niliamka kabla ya watu wa nyumbani kwenda kuchota maji, na saa za mchana, wagonjwa walipopungua, niliandika kwenye meza ya vipimo. Mishipa inayotoka moyoni niliichora kwa wino mwekundu, inayorudi kwa wino wa buluu. Wiki ya nne ilipoisha, madaftari yote manne yalikuwa yamejaa, na nilijisikia nimejiandaa kuliko mtu yeyote mjini Goma.

Siku kumi kabla ya mtihani, nilikaa kwenye kibaraza cha chuo na mwanafunzi mwenzangu, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, wa umri wa mtoto wangu wa kwanza. Yeye alikuwa na somo la kemia la kurudia. Aliniomba nimweleze figo, kwani hakuwahi kuzielewa ingawa alipata kumi na nne. Nilimweleza jinsi damu inavyoingia na uchafu wake, jinsi maji yanavyochujwa na karibu yote kurudishwa, na kwa nini mgonjwa wa kuhara anaacha kukojoa. Wengine watatu walisogea kusikiliza. Binti alikuwa anamenya karanga, na mikono yake ikasimama.

"Papa, weye unajua hii kitu kupita mwalimu," alisema. "Sasa uniambie ile ile kwa Kifaransa."

Nilifungua mdomo, nikakuta hakuna kitu. Maneno yale ningeyaona kwenye karatasi ningeyajua, lakini kuyaita yaje sikuweza. Nilikuwa kama mtu anayetambua sura za majirani zake wote na hajui jina la hata mmoja.

Alichukua madaftari yangu, akayafungua moja baada ya lingine hadi la nne.

"Papa, hii nani atakusahihishia? Mungu?"

Wale watatu walicheka. Yeye alikuwa ameanza kucheka pia, kisha akanitazama usoni na kuacha. Alinikumbusha kwa sauti ndogo jambo ambalo kila mtu chuoni alilijua: mwalimu wa biolojia husahihisha silabusi ikiwa wazi mbele yake, na hutafuta maneno yake mwenyewe.

Siku zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio, nami ni mtu wa kukumbuka kwa mpangilio. Nilijaribu kuyageuza madaftari yarudi Kifaransa, lakini kila sentensi ilinichukua robo saa. Nikaacha kuelewa, nikaanza kukariri. Mke wangu alishika silabusi, akafuata mistari kwa kidole huku mimi nikisema. Kifaransa hakijui sana, lakini kidole chake hakikukosea.

"Umeruka mustari," aliniambia. Baada ya mara ya nane aliiweka silabusi chini, akasema kwamba hata mimi mwenyewe maneno yale siyaelewi tena.

Ilikuwa kweli. Moyo nilioujua kama mlango wa nyumba yangu ulikuwa umegeuka kelele. Kituoni, muuguzi mkuu aliniuliza kila asubuhi tumefika wapi, nami nilimjibu tunasonga. Siku ya sita nilikwenda nyuma ya choo cha kituo, nikakaa kwenye mawe meusi, nikalia. Kisha nikanawa uso na kwenda kubadilisha bandeji.

Mtihani ulikuwa na maswali matatu: mzunguko wa damu, kinga ya mwili, na kinachotokea mwilini mwa mgonjwa wa kipindupindu. La kwanza nililianza vizuri, mistari minne kama ilivyo kwenye silabusi. Wa tano haukuja, na bila wa tano wa sita haukuwa na njia ya kupita. La pili niliandika mistari miwili. Nilitazama swali la tatu. Ugonjwa ule nilikuwa nimeukuta kwenye vitanda, sakafuni na mgongoni mwa pikipiki. Nikainua mkono na kumwomba mwalimu ruhusa ya kueleza kwa Kiswahili.

Hakunikasirikia. "Muzee, na mugonjwa utaongea Swahili," alisema. "Miye uniandikie Kifaransa."

Ilikuwa imebaki chini ya saa moja. Nilishika kalamu bila kuandika, kisha mkono wenyewe ukakumbuka kitu. Kila siku, kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa nimeandika Kifaransa kwenye fishi, ile karatasi ya kitandani inayoeleza hali ya mgonjwa. Ni Kifaransa cha maneno matatu matatu, kisicho na mapambo. Nikajaza jibu kama fishi. Kijidudu kimeingia na maji. Kimeshika utumbo. Utumbo unamwaga maji. Macho yameingia ndani. Mapigo ni mepesi. Mkojo hakuna. Kwa kila mstari nikaongeza mmoja wa sababu. Niliandika ukurasa na nusu bila kusimama. Nilipogeuza karatasi ili moyo na kinga niviandike upya kwa namna hiyo hiyo, mwalimu alikuwa tayari anakusanya.

Matokeo yalibandikwa wiki iliyofuata. Nilipata tisa.

Nilikwenda kuona karatasi yangu. Kipindupindu nilipewa sita juu ya saba. Mwalimu aliisoma tena mbele yangu, akavua miwani.

"Ungeandika zote ivi tangu mwanzo," alisema.

Nilimwambia asante, kwa sababu ndivyo mtu anavyomwambia mwalimu.

Muuguzi mkuu alifanya alichoweza. Barua ilikataza kugusa mgonjwa, haikusema kitu kuhusu maji. Mwaka ulipoisha alinipeleka kwenye ufuko wa ziwa, mahali ambapo watu wa mitaa yetu wanachota. Nina ndoo ya klore, dawa ya kuua vijidudu vya maji, na bomba la sindano lisilo na sindano. Mama anaweka bidoni yake ya maji mbele yangu, navuta kipimo, namiminia, namwambia asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Wengine wanalalamika harufu. Wengine, walionijua kituoni, wanainamisha macho kama walionikuta nikifanya jambo la aibu.

Nimejiandikisha tena mwaka wa kwanza. Madaftari yale manne yako kwenye sanduku. Sasa nina moja tu, na kila ukurasa wake ni fishi ya kiungo kimoja, kwa Kifaransa, kana kwamba kimelazwa. Kati ya bidoni moja na nyingine napata nafasi ya sentensi moja fupi. Nimefika kwenye ini.