Visiki Visivyo na Alama

"Hivi dada, mtu akishamshtaki mkubwa wake, kesho yake asubuhi anamwamkiaje?"

Swali hilo aliniuliza Biasha, jirani yangu wa Kisarawe, mwaka 1974, tukipepeta mpunga uani kwake. Nikadhani ni maneno ya kupitisha muda. Kumbe alikuwa anamsemea mumewe.

Mumewe, Mwishehe, alikuwa mlinzi wa msitu wa serikali. Hata mkewe akitoka humo na kuni, humkagua mzigo kwanza, ndipo amwambie, "Haya, pita mama."

Kazini kwao kulikuwa na nyundo yenye alama ya serikali. Mti ukikatwa kwa kibali, nyundo hugongwa mara mbili: kwenye gogo, na kwenye kisiki kinachobaki. Nyundo hiyo ililala ofisini kwa bwana misitu, Telesphory, mkubwa wake Mwishehe.

Siku moja Mwishehe akakuta magogo ya mvule kando ya barabara, yamegongwa sawasawa. Akafuata yalikoburutwa. Visiki kumi na kimoja, vyote havina alama. Aliyegonga hakupenda kutembea mpaka huko ndani. Na mwenye nyundo ni mmoja tu.

"Nyamaza," Biasha alimwambia mbele yangu. "Nyumba hii ya serikali. Tukifukuzwa utatulaza juu ya visiki vyako?"

"Wakaguzi wakija, ataulizwa nani? Mlinzi. Na mlinzi nani?"

"Mjinga mmoja hivi," akasema Biasha, akacheka huku machozi yanamtoka.

Wakati ule ilikuwapo Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwananchi aliweza kuiandikia kumshtaki mkubwa wa serikali. Telesphory aliujua mwandiko wa Mwishehe kwa ripoti za kila wiki, basi barua nikaiandika mimi, kwa hati yangu ya darasa la nne. Jina la Mwishehe tuliliweka, tukaomba lisitajwe kwa mtu. Nikaenda kuitia posta Kibaha, maana karani wa kwetu alikunywa kahawa na Telesphory kila jioni. Yaliyobaki nikamwachia Mungu.

Miezi miwili tukangoja. Kila Mwishehe akirudi, Biasha humuuliza:

"Leo umemwamkiaje?"

"Shikamoo."

"Ikatoka?"

"Ikatoka, kwa shida."

Kisha wakaja wageni wawili wa Tume, wakaenda moja kwa moja kwenye visiki. Mwishehe hakutajwa. Haukupita mwezi, Telesphory akasimamishwa kazi na wakubwa wake, nyundo ikabaki haina mwenyewe.

Mmoja wa wageni wale akarudi, akaketi barazani kwa Mwishehe. Kwa usalama wako, akasema, tunaweza kuomba upewe kituo kingine, mbali na huku. Biasha alinitazama. Kwetu mtumishi akihamishwa ghafla, watu hawaulizi, husema kaiba.

Mwishehe alivua kofia yake ya kazi, akasema:

"Naomba msinihamishe. Nikiondoka leo, watasema mwizi ni mimi. Niacheni na nyumba hii na msitu huu, na nyundo mpeni mtu mwingine."