Mama Visahani na Simu Iliyoita Buchani

Saa tatu asubuhi, katika chumba chenye dirisha moja na harufu ya spiriti, Mama Visahani anatia kidole kwenye tundu la sifuri, anavuta mpaka mwisho, anaachia. Kisahani cha simu kinarudi. Zamani angefumba macho na kusikiliza. Leo ameikodolea macho saa ya kupimia wanariadha.

"Sekunde moja," anasema, na kushusha pumzi kama aliyetua ndoo. "Hiki kimepona."

Kwa miaka ishirini na sita, mwanamke huyu wa miaka hamsini na tisa amekuwa akifufua visahani vya simu za zamani, zile za kutia kidole na kuzungusha. Anavifungua, anasugua meno ya gurudumu kwa mswaki wa mtoto, anabadilisha springi, anachora upya namba zilizofutika. Kazi hiyo imesomesha binti zake wawili.

Siri yake ni mwendo. Kisahani kikirudi, hutuma mapigo kwenye waya. Sifuri ni mapigo kumi, na yanatakiwa kuisha ndani ya sekunde moja. Kikijikokota, mitambo inasoma namba nyingine. Ndani mna vijiuzito viwili vinavyozunguka na kutoa mvumo mwembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Mafundi wenzake walipima kwa saa. Yeye alipima kwa mvumo huo, na alijivunia.

"Nilikuwa nawaambia, saa ya nini, na masikio ninayo?"

Kisha ikaja asubuhi ya mkunga mstaafu anayeishi mtaa wa nyuma, ghorofa ya pili. Simu yake ilikuwa na wiki moja tu tangu itoke kwa Mama Visahani. Pumu ikambana, akampigia binti yake. Ikapokelewa buchani.

"Nikasema, mwanangu njoo. Jamaa akaniuliza, kilo ngapi?" mkunga anasimulia, na sasa anacheka mpaka anashika mbavu. "Nikapiga tena. Yeye yule! Mara ya tatu sauti imeniishia, nahema tu. Akasema, 'Bibi, wewe hutaki nyama. Uko wapi?' Nikajikaza, nikamtajia mtaa na ghorofa."

Muuza nyama aliacha kisu mezani, akakimbia na aproni yake ya damu. Majirani waliomwona akipanda ngazi mbio walipiga mayowe.

Siku nne baadaye mkunga akaingia kwa fundi, simu kwapani. "Mwenzangu, simu yako ilitaka kunizika."

Fundi alibisha. Akazungusha, akasikiliza: safi kabisa. Mumewe, dereva mstaafu, ndiye aliyeleta saa. Sifuri ilirudi kwa karibu sekunde mbili.

"Nikamwambia, mume wangu, saa yako mbovu. Akaleta nyingine. Mbili zilezile." Wakashusha simu zote rafuni, kumi na mbili. Kumi zilikuwa zinajikokota.

"Nilikaa sakafuni, palepale penye skrubu."

Hospitalini alivishwa vifaa vya masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Akasubiri.

"Nikamwambia yule binti anayenipima, anza basi. Akaniangalia. 'Mama, nimeanza kitambo.'"

Sauti nyembamba zilikuwa zimemtoka polepole, bila kuaga. Mazungumzo anayasikia, ila mbu wake hamsikii tena. Kila alipoukosa ule mvumo, alikipunguza kisahani mwendo mpaka mvumo ukawa mzito kiasi cha kumfikia. Miaka miwili amekuwa akizilinganisha simu za watu na masikio yake.

Anainamia meza. "Nina mjukuu wa miezi minne. Najiuliza, kilio ninachokisikia mimi ndicho anacholia?"

Daftari lake lina simu thelathini na moja za miaka hiyo miwili. Amewaendea wenyewe mmoja mmoja, akawaambia ukweli usoni. Mmoja alimfungia mlango. Hata hivyo ishirini na mbili zimesharekebishwa, bila malipo. Zimebaki tisa, na anataka kuzimaliza kabla ya mwaka kuisha. Ya kwanza kati ya hizo ni hii iliyo mezani, ya mkunga, iliyokuwa ikisubiri springi.

Mkunga amekuja mwenyewe, amekataa kuibeba bila jaribio. "Mpaka mwanangu apokee. Akipokea yule wa kilo, tutakosana."

Anazungusha namba ya kwanza. Fundi hasikii mvumo. Ameweka ncha ya kidole kwenye ubavu wa simu, anausikilizia mtetemo. Namba ya mwisho inarudi. Fundi anamtazama mkunga usoni.

"Inaita?"

"Hebu nyamaza kwanza."

Kisha uso wa mkunga unafunguka. "Haloo? Mwanangu? Hapana, siumwi. Nilitaka tu kujua kama ni wewe."

Fundi anajifuta macho kwa kitambaa chenye spiriti, anaruka kwa kuwashwa, wote wawili wanacheka. Anafungua daftari, anapiga tiki.

"Bado nane," anasema, na kuanza kutafuta viatu vyake.