Mtafsiri Aliyenyamaza Jikoni

Mwaka wa 2012 sikutulia hata siku moja. Nilikuwa karani wa serikali Lodwar, mtu wa Bungoma, na kila asubuhi niliandika kichwani barua ya kuomba uhamisho, kila jioni nikaichana. Mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani. Akinipigia simu nilimwambia nitakuja mwezi ujao, kazi zimenibana. Uongo mtupu. Dada yangu alikuwa ameniambia mama ameanza kusahau watu, nami niliogopa kwenda kusahauliwa.

Nilipelekwa Kakuma kikazi kwa wiki mbili. Mchana mmoja jua likinichoma nikajitosa kwenye kibanda cha video karibu na soko la kambi ya wakimbizi. Kando ya televisheni alikaa Mkongomani wa makamo, maikrofoni mkononi, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo. Watu walimpenda kwa sababu alijua desturi ya kazi ile: filamu ikipooza, mtafsiri huitia chumvi. Hubuni matusi, huongeza vitisho, hata shujaa akiwa anapiga mswaki.

Siku hiyo ilikuwa filamu ya shujaa anayeruka angani. Nilikuwa nimesikia kwamba hata huko ilikotengenezwa ilichekwa, nasi tukaicheka. Vazi lake lilikuwa kama foronya, na adui alionekana mara mbili tu. Halafu katikati shujaa akaenda jikoni kwa mama yake, akakaa huko kama dakika kumi. Hakuna ngumi, hakuna moto. Mtafsiri naye akanyamaza.

"Tafsiri, wewe!" vijana wakapiga kelele. "Huyu msee anaruka saa ngapi?"

Nikasimama, msomi wa watu mimi, nikapaza sauti: "Kiingereza kimemshinda!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mwenye kibanda akamnyang'anya maikrofoni, akampa mwingine, ambaye alimfanya yule mama kuwa mchawi, na filamu ikaisha kwa shangwe. Nilitoka nimejipenda sana.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja ya upepo wa mchanga Lodwar, mpangaji mwenzangu alikuwa na filamu ileile kwenye laptopu. Nikaketi niicheke tena. Foronya ilikuwa ileile, na adui bado hakuwa na maana yoyote. Lakini pale jikoni, mama anammiminia mwanawe chai na kumhadithia kana kwamba ni mgeni asiyemjua: nina kijana, anafanya kazi mbali, ni mtoto mzuri. Shujaa hamsahihishi. Anakunywa chai yake, anamwuliza huyo kijana yukoje.

Kiingereza chenyewe kilikuwa cha darasa la nne. Hakuna kilichomshinda yule mtafsiri. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na nikaikasirikia filamu kana kwamba imenichongea. Tulioisema vibaya tulikuwa tunangoja aruke tu. Zile dakika kumi ninazitetea hadi leo, na anayetaka kubishana nami aje.

Wiki hiyohiyo nilipanda gari kwenda Kakuma. Nilimkuta yule mtafsiri sokoni akitengeneza redio, maana kibandani hawakumrudisha.

"Ndugu," nikamwambia, "ni mimi niliyesema Kiingereza kimekushinda. Nimekuja kuomba msamaha."

Hakuinua macho. "Nilikujua. Ile fasi ya mama, pale jikoni, sauti ilikataa kutoka. Wangu nilimuacha Uvira, vita ilipoingia. Kama angali muzima, sijue."

Akakaza skrubu mbili, kisha akauliza, "Wako iko?"

"Yuko. Bungoma. Anaumwa."

"Bungoma ni inchi gani?"

"Ni hapahapa Kenya."

Akaweka bisibisi chini na kunitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayetaka kuelewa kweli.

"Huko kuko vita?"

"Hapana."

"Barabara walifunga?"

"Hapana."

"Sasa, kaka, uko unafanya nini huku?"

Asubuhi nilipanda basi la Kitale, njia ya kwenda Bungoma, bila ruhusa ya mtu yeyote ofisini. Liliposimama Lodwar abiria wakashuka kununua maji, mimi sikushuka hata kuchukua nguo.