Kilimarondo hadi Ruangwa: Kituo Kipi Kifungwe?

Niliondoka Nachingwea kwa sababu Sista Benigna alishikwa na homa. Safari ilikuwa yake. Yeye ndiye mratibu wa umoja wetu, umoja wa vikundi vya wazazi na walimu wa watoto wadogo katika wilaya mbili za Nachingwea na Ruangwa, na ndiye aliyezoea kusimama mbele ya watu. Mimi ni mwalimu wa awali kwenye kituo cha parokia. Nimezoea kuzungumza na watoto wa miaka minne, ambao ukikosea wanacheka halafu wanasahau.

Maafisa elimu wa wilaya zote mbili walikuwa wamekubali kutusikiliza Ruangwa mjini, kwa sharti moja: tuje na tamko moja, si kila kikundi na kilio chake. Tamko lilikuwa tayari. Liliomba walimu waliosomea kazi hii, uji wa asubuhi, na vyoo ambavyo mtoto hawezi kutumbukia. Mwisho kabisa lilisema: vituo visivyofikia viwango vya ubora vifungwe. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea wenzetu wa Kilimarondo na Chinongwe, ambao hawakuwepo tulipoliandika, nijue kama wanakubali.

"Usiongeze maneno yako," Sista aliniambia, shuka likiwa limemfika kidevuni. "Wasomee, wasikilize, urudi."

"Wakiniuliza swali?"

"Wajibu."

"Nitawajibu kwa maneno ya nani, kama sitakiwi kuongeza yangu?"

Alifumba macho. Nikaondoka.

Asubuhi nilipata lifti kwenye pikapu ya mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka magunia matupu kwa wakulima, maana msimu wa korosho ulikuwa umechanganya. Huku karibu na mji kina mama walikuwa wameinama chini ya mikorosho wakiokota, ndoo pembeni. Kisha mashamba yakaanza kuachana, msitu ukakaribia barabara, vumbi likawa jekundu zaidi. Mahali fulani dereva alipunguza mwendo akanionyesha shamba la mihogo. Lilionekana kama limelimwa na mtu mwenye hasira, mashina yamelala huku na huku.

"Tembo," alisema. "Juzi. Hawali hata vizuri, wanaharibu tu."

Mchana tulifika Kilimarondo. Selemani, mwenyekiti wa kikundi cha wazazi, alinipokea kwa pikipiki yake na tukaendelea hadi kitongojini kwake, ndani zaidi. Ni mkulima wa korosho na ufuta, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Njia nzima alikuwa akinisimulia kuhusu kituo chao. Kinaitwa kituo shikizi, yaani darasa dogo lililoshikizwa kwenye shule iliyo mbali. Shule yenyewe iko ng'ambo ya msitu, na njia ya kwenda huko ndiyo hiyohiyo njia ya tembo. Watoto wa darasa la tatu wanaipita kwa makundi, na mtu mzima mbele. Wa miaka mitano hawawezi.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha miti na udongo, kimeezekwa nyasi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeinama na kuegemezwa nguzo. Watoto walikuwa wamesharudi nyumbani, lakini sakafu ilikuwa imefagiliwa vizuri, na vifuniko vya chupa vilipangwa ukutani kwa rangi, vyekundu kwa vyekundu, vya bluu kwa bluu. Nilivitazama nikaona wivu. Kwangu mjini vimepotea vyote.

Wazazi walikuja, wakakaa kivulini pembeni mwa kile chumba. Wakulima walikaa upande mmoja, na upande wa pili wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Niliwasomea tamko polepole. Uji wakaupigia makofi. Vyoo wakavipigia makofi. Nilipofika kwenye sentensi ya mwisho, makofi yakawa makubwa kuliko yote.

"Hilo la kufunga tunaliunga mkono kabisa!" Selemani alisema. "Watu siku hizi wanafungua vituo kama vibanda vya chipsi. Vifungwe!"

Nilimwangalia, nikauangalia ukuta, nikamwangalia tena. Sikujua kama anatania. Hakuwa anatania. Nilifungua mdomo, nikakumbuka niliambiwa nisiongeze maneno, nikaufunga.

Mwanamke mmoja upande wa wafugaji alinyoosha mkono. Aliitwa Mama Kulwa, mama wa mapacha, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupima neno kwa neno. "Mwalimu, samahani. Hivyo viwango ni vitu gani?"

Swali aliuliza mwenyewe, kwa hiyo nilijibu. Nikasema ukuta wa kudumu, sakafu ngumu, choo cha watoto, mwalimu aliyesomea, uwanja wa kuchezea.

Aligeuka taratibu, akatazama nyuma yake. "Basi ni hiki."

"Hiki kipi?" Selemani aliuliza.

"Hiki tulichokalia kivuli chake."

Kelele iliyofuata siwezi kuisimulia kwa mpangilio kwa sababu haikuwa na mpangilio. Bibi mmoja aliongea Kimwera mfululizo akininyooshea kidole, na hakuna aliyenitafsiria, labda kwa huruma. Selemani alisimama. "Kwa hiyo mwalimu umetoka Nachingwea kuja kutuuliza kama tunakubali kufungwa?"

"Nimekuja kuwasomea," nilisema, na hata masikioni mwangu mwenyewe ilisikika vibaya.

Mama Kulwa hakupandisha sauti. Alisema walipohamia hapa, ng'ombe wao waliingia kwenye mbaazi za watu, na kwa muda mrefu hakuna aliyemsalimia kisimani. Mapacha wake hawakujua neno la Kiswahili. Kituo kilipoanza, mama wa Kimwera alileta unga, yeye akaleta maziwa, wakapika uji kwenye sufuria moja. "Salamu yangu ya kwanza hapa niliipata kwenye moshi wa ule uji," alisema. "Mkikifunga, mimi mtanipeleka wapi? Achilia mbali watoto."

Walikataa tamko. Wakaamua Mama Kulwa aende Ruangwa akaseme mwenyewe. "Mimi nikienda nitagombana na watu," Selemani alieleza, na nilimwamini.

Siku iliyofuata nilirudi Nachingwea kumpa Sista taarifa. Alikuwa amekaa kitandani, anakunywa chai ya tangawizi.

"Wamekataa?"

"Walikubali kwanza. Baadaye wakakataa."

"Kitu gani kiliwabadilisha?"

"Walielewa."

Alinitazama sana. "Basi nenda Chinongwe," alisema. Nilitegemea aseme kitu kingine.

Njiani kwenda Chinongwe, upande wa wilaya ya Ruangwa, nilikuwa nimeshaamua. Sentensi ile ilikuwa mbaya, iliandikwa na watu wa mjini, na ningewaomba wa Chinongwe waniunge mkono tuifute. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu nianze safari. Wepesi huo ulidumu mpaka pale bodaboda iliponishusha kwa Mama Rehema.

Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha Chinongwe. Alinikaribisha uani, akanipa kigoda na maji ya kunywa, na kabla sijasema lolote akamwita binti yake aje aniamkie. Rehema alikuja, akanipa shikamoo. Nilipomshika mkono niliona kiwiko hakinyooki.

"Alikuwa darasani," mama yake alisema. "Kituo cha mtu binafsi, hapo chini, siku hizi hakipo. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi ukuta ukashuka. Wenzake walitoka na vumbi tu. Yeye aliwahi kuinua mkono kujikinga, ukavunjika." Alimruhusu mtoto akacheze. "Sisi tulishaona nyufa. Tulikwenda kusema, tukaambiwa subirini, kuna utaratibu. Kwa hiyo, mwalimu, hiyo sentensi ya mwisho ya kufunga vituo ni yetu. Ni sisi tuliomtumia Sista ujumbe, akatuambia ameiweka mwisho. Mengine yote mnaweza kufuta."

Maneno yote niliyoyapanga njiani niliyaweka kando. Nikamweleza kuhusu Kilimarondo: msitu, tembo, uji, mapacha wa mama mfugaji. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Na ukuta wao ukoje?"

"Umeinama kidogo."

"Na watoto wanakaa ndani?"

"Ndiyo."

"Na wewe uliuona, ukaaga, ukaondoka?"

Mama Rehema hakuniuliza kwa ukali. Alitaka tu kujua. Wanakikundi wenzake walipokuja jioni, niliwasomea tamko na wakalikubali lote, neno kwa neno. Sasa nilikuwa na kikundi kimoja kilichokataa kwa sababu ya haki, na kingine kilichokubali kwa sababu ya haki, na vyote viwili nilikuwa nakubaliana navyo.

Siku ya mkutano tulikutana Ruangwa mjini, kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki. Vikundi vingine vilikuja pia, hata wa Narung'ombe, wao wakiwa na hoja ndefu kuhusu posho za walimu wa kujitolea. Sista alikuwa bado dhaifu, amebaki Nachingwea, kwa hiyo ilibaki kwangu kusoma. Nilimwona Mama Kulwa akiingia na kanga yake nzuri, na Mama Rehema akiingia na mtoto. Niliwatambulisha. Nilifikiri ni adabu kuwatambulisha, halafu nikatamani nisingefanya hivyo.

Mama Kulwa aliinama kumsalimia Rehema. Akakiona kiwiko. Akakishika kwa vidole viwili, kama mtu anayepima joto la mtoto. "Alianguka?"

"Ukuta ulimwangukia. Darasani."

"Ukuta wa upande gani?"

Mama Rehema alishangaa swali lile. "Wa nyuma. Walikuwa wameuwekea nguzo."

Mama Kulwa aliuachia mkono wa mtoto. "Na sisi tuna nguzo," alisema.

Wakatoka nje pamoja. Sijui walizungumza nini, na hawakuniambia. Maafisa walifika, salamu zikapita, utambulisho ukapita, nikaanza kusoma. Wale wawili waliingia nikiwa nimefika kwenye sentensi ya vyoo. Nilipofika sentensi ya mwisho niliacha kusoma. Nilisimama na karatasi mkononi, watu wote wakinitazama, na sikujua kama nisome au niruke.

Mama Rehema akasimama. "Mwalimu, hapo pasomwe hivi. Jengo baya lifungwe. Darasa lisifungwe."

Ukumbi ulinong'ona. Mmoja wa maafisa, mtu mpole mwenye miwani, aliuliza, "Mama, darasa lisilo na jengo litakuwa wapi?"

"Hilo ndilo tumekuja kuwauliza ninyi," Mama Kulwa alijibu kutoka kwenye kiti chake.

Watu walicheka, na afisa pia alicheka, lakini hakuna aliyejibu. Mwenzake alieleza kwamba taratibu hazitenganishi jengo na darasa, kituo ni kimoja. Wa Narung'ombe wakasema tumelegeza tamko letu. Wengine wakasema tumelikaza. Tulivutana mpaka chakula kikapoa, na mwisho vikundi vyote vikakubali sentensi kama ilivyosemwa na Mama Rehema. Yule mwenye miwani aliahidi kwenda Kilimarondo kabla ya mvua kuona kwa macho yake. Kama anakwenda kusaidia au kufunga, hakusema, na mimi sikuuliza kwa kuogopa jibu.

Jioni hiyohiyo nilirudi Nachingwea. Sista alikuwa amenisubiri mlangoni, amevaa sweta.

"Tumeshinda?"

"Sijui, Sista."

"Tumeshindwa?"

"Hata hilo sijui." Nikamweleza yote tangu mwanzo. Alitaka kuandika muhtasari, akaandika mstari mmoja, akaacha.

Nilichojifunza ninaweza kukisema, ingawa hakijaniondolea utata. Miaka yote nimelitamka neno ubora mikutanoni nikidhani kila anayeitikia kwa kichwa anaona ninachokiona. Kumbe mmoja anaona mkono wa mwanawe, mwingine anaona njia ya tembo, na mimi nilikuwa naona maneno mazuri kwenye karatasi. Kusema kwa sauti moja si kumpata mtu wa kusoma kwa niaba ya wote. Wale kina mama wawili walitoka nje wakazungumza, na mimi niliyetumwa kuwaunganisha nilikuwa ndani nasoma habari za vyoo.

Siku chache baadaye Mama Kulwa alinipigia simu. Mtandao ulikuwa unakatikakatika.

"Mwalimu, tumeubomoa."

"Mmebomoa nini?"

"Ule ukuta. Na paa. Niliporudi niliwasimulia habari ya yule mtoto. Selemani hakungoja, alileta jembe siku ileile. Wanaume wa huku na wa kwetu, wote walisukuma."

"Na watoto?"

"Wako kwangu. Tumefunga turubai karibu na zizi, ng'ombe wakienda malishoni panakuwa kimya. Kina Selemani wanafyatua tofali. Na yule bwana wa miwani amekuja leo. Aliuliza kituo kiko wapi. Selemani akamwonyesha watoto."

"Akasemaje?"

"Alikaa nao, akanywa uji. Akasema atarudi."

Nilishindwa kujua kama niwape pole au niwape hongera. Nilianza na pole, nikaishia na hongera, na yeye akacheka upande wa pili.

"Mwalimu," alisema, "tofali bado mbichi. Wewe unakaa na masista, tuombee mvua ichelewe kidogo."

Mimi ni mtoto wa wakulima, na nyumbani kwetu mvua huombwa ije. Jioni ile nilipiga magoti kanisani nikakaa muda mrefu, nikitafuta namna ya kumwambia Mungu aizuie.