Kidole cha Wainaina

Zedekiah Were alifunga bao moja tu maishani mwake, na kwa miaka tisa hakujua kama lilikuwa bao.

Ilikuwa mwaka wa 1966, fainali ya kombe dogo katika uwanja wa Riruta. Were alikuwa beki wa timu ya kampuni moja ya bima ya mjini, ambako alifanya kibarua cha kufagia. Mshambuliaji wa timu ya Kabiria aliotea, refa akapuliza filimbi na kuinua mkono juu. Mkono ule una maana yake: mpira utakaopigwa hauwezi kuwa bao mpaka umguse kwanza mchezaji mwingine. Were alikuwa nyuma kidogo ya mstari wa katikati. Aliupiga kwa nguvu zake zote ili uende mbali, basi. Upepo wa kutoka Ngong ukaubeba. Kipa wa Kabiria, Wainaina, alikuwa ametoka langoni. Akarudi kinyumenyume, akaruka, mpira ukatua wavuni. Refa akasema ni bao. Watu wa Kabiria walibishana naye mpaka jua likazama, na Wainaina akaapa mbele yao kwamba hakuugusa.

Siku hizo kampuni ziliajiri watu kwa sababu ya miguu yao. Jumatatu Were aliitwa ofisini akapewa sare ya tarishi. Akiwa na kazi ya kudumu alimwoa Nanjala, na mwaka wa 1969 wakapanga chumba Kabiria. Alikuwa amekwisha kuingiza kitanda alipotambua kwamba ploti ilikuwa ya baba yake Wainaina.

Mzee huyo alimwita "mwizi wangu", kwa mzaha ambao haukuwa mzaha mtupu. Wainaina na Were walikutana kwenye mfereji wa maji kila asubuhi wakaulizana habari za watoto na za mvua.

Mwaka wa 1975 meneja mpya aliamua kombe lile likae mapokezi katika kabati la kioo, pamoja na kibao cha shaba: bao la Z. Were, yadi sitini. Joash, dereva wa kampuni, alicheka.

"Muandike pia kwamba kipa hakugusa."

"Refa alikubali," Were alisema.

"Refa alikuwa amesimama karibu na wewe, bwana. Huko golini aliona nini?"

Were alimwomba meneja angoje wiki moja. Kama lile halikuwa bao, hakutaka kukipita kibao kila asubuhi kikiwa na jina lake.

Jumapili, baada ya kanisa, alimkuta Wainaina nyuma ya nyumba akikata majani ya ng'ombe.

"Baba Njambi, nikuulize kitu ya zamani?"

"Nimengoja uniulize tangu ulete kitanda hapa."

"Uligusa?"

Wainaina aliweka panga chini. Akanyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilichopinda kwenye kiungo. Pale kwao wote waliamini kilivunjwa na ng'ombe.

"Mkono ya refa niliiona, Baba Caren. Nilijua nikiacha mpira ipite, si bao. Lakini mpira ikikuja, mkono ya kipa haingoji kuambiwa."

"Na ukaapa."

"Mzee ndiye alinunulia timu yote jezi. Ningemwambia kombe imepotea kwa kidole yangu?" Alichukua panga tena. "Sasa wewe ukaandike. Ni haki yako."

Were alilifikiria jambo hilo njiani Jumatatu, akitembea kwenda mjini. Jina likichongwa, Joash angedai maelezo. Na Joash alikaa Kawangware, jirani na Kabiria. Angeambiwa saa nne, na jioni habari zingekuwa zimemfikia mzee.

Akamwambia meneja kibao kiandikwe jina la timu na mwaka, yatosha.

"Si nilisema?" Joash alisema.

"Ulisema," Were akajibu, akachukua bahasha za asubuhi akatoka.

Jioni mzee alikuwa ameketi kwenye kibaraza, blanketi magotini. Wainaina alikuwa kando yake, akimtazama Were anavyoingia langoni.

"Mwizi wangu, umerudi?"

"Nimerudi, mzee," Were alisema.